Maneno Matatu ya Jiwe la Mwalimu

Usiku ule nililala na hasira, na aliyenikasirisha alikuwa marehemu. Jumamosi Padri angekuja kubariki kaburi la mume wangu, na fundi alikuwa ananisubiri niseme ndiyo ili achonge jiwe. Mume wangu, Mwalimu kama kila mtu alivyomwita, alimwachia fundi maneno yake mwenyewe kabla hajafa, kwa Kilatini: Vixit. Docuit. Amavit. Ndugu zake walivimba kwa fahari bila kuelewa hata moja.

Mimi nilielewa. Tangu azikwe nilikuwa nakwenda kwa Sista Auksilia baada ya misa, kujifunza hicho Kilatini ambacho Mwalimu alinitambia nacho ndoa yetu nzima. Nilianza na puella, yaani msichana; mensa, meza; agricola, mkulima. Hapo ndipo nilipogundua kwamba lile karipio lake zito chakula kikichelewa, Agricola mensam portat, lililowanyamazisha wageni na kuniinamisha mimi, maana yake ni mkulima anabeba meza. Nilicheka mpaka Sista akaniletea maji. Kisha tukaingia kwenye vitenzi vya wakati uliopita, na yale maneno matatu ya jiwe yakafunguka: aliishi, alifundisha, alipenda. Sikucheka tena.

Basi ndotoni namwona amekaa jikoni kwangu, mahali ambapo enzi za uhai wake hakukanyaga. Amevaa suti tuliyomzikia. Moshi umejaa, naye hakohoi.

"Mama Severini," alisema, "jiwe langu liko wapi?"

"Liko kwa fundi. Bado halina kitu."

Akaanza kunikaripia kwa lugha yake, kidole juu, nami nikamsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Puella, mensa, agricola. Kingine hakuwa nacho. Huyu ndiye aliyejidai kuwa aliacha upadri kwa ajili yangu, wakati seminari walimrudisha kwao akiwa kidato cha pili, na mimi hata hajanijua.

Mara hatuko jikoni. Tuko darasani, na kwa ule msalaba mkubwa ukutani najua ni seminari. Mwalimu kabanwa kwenye dawati la mtoto, magoti yanakaribia kidevu. Chaki ninayo mimi. Naandika ubaoni neno lake la kwanza, Vixit, napita. Naandika la pili, Docuit, nasimama.

"Alifundisha," nasema. "Uliwachapa watoto wa watu, ukawapeleka kuchuma kahawa yako. Somo lenyewe ndilo hilo?"

Naandika la tatu.

"Amavit. Alipenda. Nani, Baba Severini? Nitajie mmoja."

Nilimpa muda. Kusema kweli nilitaka anitaje. Pamoja na dharau yote niliyokuwa nayo, nilisimama pale na chaki yangu, mjinga mimi, nikisubiri jina langu.

Anatazama dawati. "Huko sikufika," alisema. "Walinirudisha kabla hatujafundishwa wakati uliopita. Haya maneno nilimwomba Padri anitungie."

Hata kupenda alitungiwa. Nataka kumcheka, kicheko hakitoki, na tayari tuko makaburini. Mvua inanyunya. Jiwe limesimama tupu, naye analipapasa kwa kiganja. Sauti yake sasa haina majivuno, na hilo liliniuma kuliko makaripio yote.

"Acha lile usiloweza kulibishia," alisema. "Mengine futa."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Nilimpigia fundi hata uso sijanawa.

"Chonga la kwanza tu," nikamwambia. "Vixit."

"Na mengine, mama? Mwalimu mwenyewe alinisisitizia."

"Mwalimu amebadili mawazo."

Akaguna. "Haya. Na hilo moja maana yake nini?"

"Aliishi."

Nadhani alitafuta namna ya kuniuliza bila kunikosea adabu. "Hilo tu, mama?"

"Hilo tu. Lichonge kubwa lijaze jiwe. Mawifi zangu watalisifu, maadamu ni Kilatini."