Tundu la maiki ya pili

Leo muuza vyombo vya muziki hapa Tunduma kaniuliza swali dogo, nikampa majibu mawili.

Nilikwenda kuchagua kile kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, cha studio yangu ya chumbani.

Akaniwekea viwili mezani. Kimoja kina tundu moja la maiki, kingine mawili.

"Kaka, mnaimba wangapi?"

"Wawili."

Halafu nikakumbuka. Dada yangu Neema, aliyeniimbia sauti ya pili tangu kwaya ya kijijini kwetu Itaka, tumemzika mwezi uliopita.

"Samahani. Mmoja."

Akanifungia cha tundu moja. Nikafika mlangoni, nikarudi.

"Kile kingine, hilo tundu lake la pili, naweza kuchomeka simu?"

"Inakubali, ukiwa na waya wake."

Nikabadilisha, nikachukua cha matundu mawili.

Maana kwenye simu yangu Neema yupo. Anaimba sehemu yake peke yake, uani kwetu, siku tunaanika kahawa. Katikati jogoo anawika, Neema anacheka kidogo, anaendelea.

Sasa nyie wenye studio, nisaidieni. Najua jogoo anaweza kukatwa kwenye rekodi. Ila nikimkata, na kile kicheko kinaondoka.

Ungekuwa wewe, ungemkata?