Nzi wa Vinywele Vitatu

Kazini walimwita Mama Nzi, naye aliitika. Kwa miaka ishirini na tisa alikaa chumba cha mwisho cha makumbusho, penye harufu ya spiriti na dawa ya nondo, akichoma nzi pini na kuhesabu vinywele vyao vigumu kwenye hadubini. Nzi wenyewe si hawa wanaotusumbua mezani. Hawa hutaga mayai juu ya kiwavi, funza wakamtoboa na kumla ndani kwa ndani angali hai. Kwa macho matupu wote ni sawa. Cha kukutofautishia ni kinywele cha begani. Ukisema ni kazi ya kuchosha, hutakosea.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, aliona kitu. Nzi wa siku zote ana vinywele vinne kila bega. Katika mtego wa bondeni wakaja sita wenye vitatu. Daktari, mtaalamu wa wadudu, kijana wa kumzaa lakini mkubwa wake kazini, alichungulia, akahesabu, akapiga meza kofi.

"Mama, huyu ni mpya! Na jina tutampa lako."

Nyumbani mdogo wake alicheka hadi akashika mbavu. "Dada, wenzako wanapewa barabara, wewe unapewa nzi!"

"Barabara huchimbika," akajibu, akaendelea kuchambua mchele.

Moyoni alifurahi kupita kiasi. Hakujaliwa mtoto, na katika ukoo wao mzima hakuna mjukuu aliyepewa jina lake. Sasa lingeandikwa vitabuni.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Alitaka nzi wake wawe wengi, kila makumbusho yapate mmoja. Akamtia jike mmoja wa vinywele vitatu, aliyemnasa bondeni akiwa hai, kwenye kitundu cha wavu, pamoja na viwavi aliowalea mwenyewe tangu mayai, ambao nzi mwingine hakuwahi kuwagusa. Ng'ombe wa maskini hazai, husema watu. Wa Mama Nzi alizaa, tena alizaa mno. Viwavi wakafa, funza wakatoka na kujifunga ndani ya maganda ya kahawia, na baada ya wiki mbili wakaruka nzi kumi na tisa.

Akawahesabu. Kumi na mmoja walikuwa na vitatu. Saba walikuwa na vinne. Mmoja alikuwa na vitatu kulia na vinne kushoto, sijui akimdhihaki nani.

Mama mmoja, tumbo moja. Basi hapakuwa na nzi mpya. Ni yule yule wa zamani, ila wengine huzaliwa na kinywele pungufu.

Makala ya Daktari ya kumtangaza nzi mpya yalikuwa yatumwe Ijumaa. Kuwamwaga wale wanane kwenye ndoo ya taka ni kazi ya dakika moja, na hakuna ambaye angeuliza. Aliliwaza hilo, tusimsingizie utakatifu. Akanywa chai yake yote. Kisha akawachoma pini wote kumi na tisa, akaandika chini ya kila mmoja "mama mmoja", akabeba sanduku hadi kwa Daktari.

Daktari alichungulia muda mrefu, bega kwa bega, nzi kwa nzi.

"Pole, Mama," akasema hatimaye. "Nitakutafutia mwingine. Aliye mpya kweli."

"Mwingine simtaki," akasema, akijifuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia lenzi. "Nilimtaka huyu."