Mapazia Meusi ya Somo la Jua

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kimya, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, maana hata kukataa kunahitaji sauti. Alikuwa bado katika kipindi cha majaribio kazini. Siku hiyo mkaguzi angekaa nyuma ya darasa lake, kisha aamue kama athibitishwe au afunge virago.

Somo lilikuwa mfumo wa jua. Shule ilikuwa imepata vishikwambi: ukielekeza kamera ya kimoja mezani, kioo kinaonyesha meza ileile, ila juu yake jua linaelea na sayari zinalizunguka. Alikuwa amefanya mazoezi nyumbani mpaka mama yake akamwambia, "Mwanangu, hebu niondolee hiyo Zohali kwenye sufuria, nataka kupakua."

Asubuhi alipofungua darasa alikuta giza. Mkuu wa shule, mtu wa kujitolea pale asipoombwa, alikuwa ametundika mapazia meusi kwenye madirisha yote.

"Nyota huonekana usiku," Mkuu alimnong'oneza kwa fahari. "Basi nimekuletea usiku."

Gizani kamera ni kipofu. Mwalimu Kimya alilijua hilo fika.

"Asante, Mkuu," akasema.

Mkaguzi akaingia, akaketi nyuma. Mkuu akajibwaga kwenye kiti cha mwalimu, mbele ya darasa. Vishikwambi vikawashwa. Weusi mtupu.

"Mwalimu, mbona mi sioni kitu?"

"Wewe huoni? Mimi nimeshafika angani. Huku hakuna watu."

"Tulieni!" Mkuu akakemea. "Anga ni kubwa, litachelewa kidogo."

Mkaguzi akatoa kalamu. Mwalimu Kimya akaiona, na virago akaviona pia. Akaenda dirishani.

"Samahani, Mkuu. Ili tuzione hizi nyota, tunahitaji mchana."

Akavuta pazia.

Kwenye vioo, jua likachomoza juu ya meza ya mwalimu, na kwa kuwa Mkuu alikuwa nyuma yake tu, likakaa sawasawa juu ya upara wake. Sayari zikaanza kumzunguka, moja baada ya nyingine.

"Jamani! Dunia inamzunguka Mkuu!"

Darasa likaangua kicheko. Hata mkaguzi akafuta macho. Mwanafunzi mmoja akaipiga picha kwa kishikwambi, Mkuu akaletewa. Akaitazama kwa utulivu, kama mtu aliyeshuku jambo hilo tangu zamani.

"Mpangilio uko sahihi," akasema.

Mwalimu Kimya alithibitishwa. Kwenye mkutano wa wazazi Mkuu alieleza siri ya ushindi: mapazia. Aliahidi kuyatundika kwenye madarasa yote.

Mwalimu Kimya akapiga makofi. Sentensi yake ya mwaka alikuwa ameshaitumia.