Kizibo cha Mpira Kilivyompiga Baba Mkwe

Babu yangu alimpiga baba mkwe wake kwa kitu cha mpira, katikati ya paji la uso, mbele ya wazee, siku ileile aliyokwenda kumposa binti yake.

Sitanii.

Babu aliitwa Gamaliel, mtu wa Izimbya, Bukoba. Enzi hizo ni za Mwingereza, vita ya pili imepamba moto, na mpira wote unaishia jeshini. Raba za pedali zikiisha, unakanyaga chuma mpaka vita iishe.

Gamaliel alikuwa fundi baiskeli. Mafundi wenzake walikaa wakalalamika. Yeye akaingia msituni, akarudi na kibuyu cha utomvu wa mpira.

Akachukua udongo wa kichuguu, akaugandamizia kwenye raba kuukuu ya pedali, akaupasua vipande viwili, akavikausha motoni. Hiyo ndiyo kalibu yake. Ndani akamimina utomvu uliochanganywa na kiberiti upele, ule unga wa njano wanaopakwa watu wenye upele. Ukishaganda, anaupika polepole ndani ya debe.

Mara ya kwanza aliipaka kalibu samli ili mpira usishike udongo. Sisi Wahaya samli tunaiamini kwa kila kitu, kuanzia mtoto mchanga mpaka bibi harusi. Mpira ukalegea, ukanata vidoleni, jamaa akalishwa chakula cha mchana na mama yake.

Mara ya pili akanyunyiza majivu ya maganda ya ndizi. Raba ikatoka yenyewe. Unaikunja, inarudi.

Hapo mwamba akaanza kujimwambafai. Akafyatua raba za pedali, za breki, mpaka washa za pampu. Kijiji kikampa jina: Nshomile wa Mpira, yaani msomi wa mpira. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, anajua. Ng'ombe wako ana nini, anajua. Neno "sijui" halikuwahi kutoka kinywani mwake.

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa Buganguzi, upande wa Muleba. Verdiana. Alileta baiskeli ya kaka yake itengenezwe, akairudisha tena, na tena. Safari hizo mbili za mwisho baiskeli haikuwa na ubovu wowote.

Gamaliel alielewa. Hata angekuwa mjinga angeelewa.

Tatizo lilikuwa baba wa binti, Mzee Karugendo. Yeye Mkatoliki, Gamaliel Mlutheri. Hilo tu lilitosha. Lakini mzee alikuwa na sharti lake lingine, la rubisi, pombe yetu ya ndizi, na alilitangaza bila aibu.

"Posa yangu inakuja na vibuyu viwili vya rubisi. Vijae mpaka shingoni. Vikipungua, mmekunywa njiani, na anayekunywa posa yangu njiani simpi mtoto."

Kibaya zaidi, karani mmoja wa kahawa, Projestus, alikuwa ameshapeleka vyake Jumapili iliyopita. Vilifika vimejaa pomoni. Mzee alikuwa anasubiri kulinganisha tu.

Verdiana akatuma ujumbe kwa mdomo: "Mwambieni asimwage hata tone. Akimwaga, mimi ni wa Projestus."

Gamaliel akakosa usingizi. Kutoka Izimbya mpaka Buganguzi kwa baiskeli, mashimo na vilima, kibuyu kilichozibwa kwa majani ya mgomba kitafikaje kimejaa?

Kisha akacheka. Yeye si fundi mpira?

Akafinyanga kalibu kwa kipimo cha mdomo wa kibuyu. Akapata vizibo viwili vinono, vyeusi, vinaingia kwa kusukumwa na goti. Akajaza kibuyu maji ya kisima, akaziba, akakipindua, akakitikisa.

Hakikutoka kitu.

Rubisi yenyewe akaitoa kwa jirani, Mzee Ildefons, kwa sababu nyumbani kwao pombe haikuwahi kuvuka kizingiti. Mama yake, Penina, hata wimbo wenye neno pombe alikuwa haukubali. Ildefons akampa rubisi mpya, bado inachemka yenyewe kwa yenyewe, akaziba vizuri kwa majani.

"Usiyaguse haya majani," akamwambia.

"Najua, waitu."

Walipopita kona tu, Gamaliel akasimamisha baiskeli, akayang'oa majani, akayatupa, akagongomea vizibo vyake. Mshenga wake, baba mdogo Josia, mwinjilisti, akatazama kwa furaha.

"Una akili, mwanangu."

"Najua, baba mdogo."

Wakaendesha jua la mchana kutwa. Vibuyu vikitikisika huko nyuma, hakuna tone. Gamaliel akawa anapiga mluzi.

Walipokelewa vizuri. Mzee Karugendo alikaa na wazee wenzake, vibuyu vya Projestus vikiwa kando vimepangwa kama ushahidi mahakamani. Verdiana alikuwa nyuma ya mlango na dada yake mkubwa, Celina. Miguu yao ilionekana.

Josia akasimama.

"Wazee, kijana wetu hakunywa, hakumwaga, hakuonja. Mzee mwenyewe afungue ahakikishe."

Mzee Karugendo akakiweka kibuyu katikati ya magoti. Akainama. Akakishika kizibo, akakizungusha kidogo.

Pwaa.

Kizibo kikampiga kwenye paji la uso, kikaruka mpaka kwenye paa, kikarudi chini, kikadundadunda mbele ya wazee waliokuwa hawajawahi kuona kitu kikidunda kwa raha namna ile. Rubisi ikafuata. Ilipanda juu, ikateremka kichwani kwa mzee, shingoni, mpaka kwenye rozari yake.

Kibuyu kilibaki nusu.

Kimenuka.

Josia akajaribu kuokoa jahazi. "Unajua, hewa ya huku Muleba ni tofauti na ya kwetu..."

Mzee akamwinulia mkono anyamaze. Nundu ilikuwa inaota huku watu wanaona. Akamgeukia Gamaliel.

"Kijana. Imekuwaje?"

Gamaliel akafungua mdomo. Aliogopa, alitaka kulia, akilini alimwona Projestus amevaa suti ya harusi. Akatafuta jibu, na kwa mara ya kwanza maishani hakulipata.

"Sijui, tata."

"Hujui rubisi mpya inapumua? Hujui ndiyo maana tunaziba kwa majani?"

"Sijui. Nilijaribu kwa maji."

"Hujawahi kuona ikifanya hivi kwenu?"

"Kwetu hainywewi."

"Na wewe hujawahi hata kuonja?"

"Hapana, tata. Hata sasa sijui ina ladha gani."

Mzee alikuwa amelowa mpaka kiunoni, angeweza kumwonjesha kwa kukamua shati. Badala yake akaita, "Celina."

Celina akatoka nyuma ya mlango. Alikuwa amerudi kwa baba yake tangu mavuno ya kahawa, yeye na watoto.

"Mumeo alipoleta vibuyu hapa, vilikuwaje?"

"Vilijaa, tata. Vilizibwa vizuri kuliko vyote."

"Nami nikamsifu."

"Ulimsifu sana."

"Alijua rubisi kuliko mimi," mzee akasema. "Nikadhani ni heshima. Kumbe nilikuwa nakutoa kwa mlevi, tena kwa mikono yangu."

Akavitazama vibuyu vya Projestus, majani yake yamefungwa kwa ufundi wa mtu mwenye mazoea. Akavisukuma kwa mguu.

"Josia, mtabishana wenyewe na padre kuhusu kanisa. Mimi binti nimetoa."

Nyuma ya mlango miguu ya Verdiana ikaruka.

Hivyo ndivyo nilivyopata bibi. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza bibi kama alimpenda babu kwa ufundi wake. Akacheka sana.

"Ufundi? Alikuwa ananichosha na ule ujuaji wake. Nilimpenda siku ile aliposema hajui. Kama angemdanganya baba, ningetoka mwenyewe nikachukue vibuyu vya Projestus."

Basi ndugu yangu unayesoma, jisifu kwa unachokijua, hakuna shida. Ila ukiulizwa usichokijua, sema hivyohivyo. Huenda aliye nyuma ya mlango anasubiri neno hilo tu.