Lori ya Marehemu

Mimi hutengeneza magari madogo ya chuma, yale watu huweka kwa kabati, hapa Kaptembwo. Tangu juzi sijashika kazi. Mikono hii nimeichukia.

Mathe mmoja, mama mtu mzima, alitoka Keringet na lori ndogo imefungwa kwa leso. Ilikuwa ya marehemu mzee wake, mume aliyekuwa dereva wa kubeba viazi.

"Tairi moja imetoka, boss. Nirudishie hiyo tu."

Hiyo tu! Lakini mimi na kiherehere changu! Nilirudisha tairi, nikaona mlango umelegea, nikaukaza. Halafu nikaona nyuma kumepakwapakwa rangi ya kucha, nyekundu, imefifia vibaya. Nikajiambia hii ni kazi ya wajukuu. Nikamwagia thina ya kuyeyusha rangi, nikasugua mpaka chuma ikabaki uchi, nikapuliza rangi mpya ya bluu. Ilimetameta hata nikajipongeza, mjinga mimi.

Mathe aliporudi hakuangalia tairi. Aligeuza lori, akapapasa nyuma kwa kidole, polepole, akapapasa tena.

"Boss," akaniuliza, "jina langu, lile mzee aliandika, liko wapi?"