Majina Niliyopeleka Kanisani

Siku niliyoripoti kazini, katika zahanati moja ya kata ya Themi, Mganga Mfawidhi, yaani tabibu msimamizi wa kituo, hakuniomba cheti. Alinitazama miguu. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vyenye visigino.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Hivyo ni vya kwenda harusini?"

"Ni vya kazini, Daktari."

"Kazi yako ni kifua kikuu, Sista. Dawa zinakaa kabatini, wagonjwa wanakaa mlimani. Kesho njoo na raba."

Ninyi mnaoingia leo kwenye uuguzi mna simu za kuwakumbusha wagonjwa. Sisi tulikuwa na rejista na miguu. Matibabu yalichukua miezi sita, na kila mgonjwa alikuwa na msimamizi wa dawa, ndugu au jirani aliyemshuhudia akimeza vidonge. Aliyepitiliza siku zake bila kuja tulimwita mtoro. Neno hilo ni kali mno kwa mtu anayeumwa, lakini ndilo tulilolitumia, na nililitumia kama wenzangu.

Mapema sana nilijifunza kwamba kati yangu na mgonjwa alisimama kiongozi wa dini, ama akinifungulia njia, ama akiniziba. Pale Themi mzee mmoja alikataa vidonge vya mchana katika mwezi wa Ramadhani. Nilimweleza hadi sauti ikakauka. Imamu wake alikuja, akaketi naye kitandani, akamwambia kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula na siku zake atazilipa akipona. Mzee alimeza dawa palepale. Mwaka huohuo mama mmoja alirudi kutoka kwenye kambi ya maombi akiwa ametupa dawa zake zote, kwa kuwa mhubiri alimhakikishia kwamba kuendelea kuzimeza ni kukosa imani. Huyo tulimzika. Kwa hiyo watu wanaponiuliza kama dini inaijenga jamii au inaibomoa, huwapa kisa kimoja tu, nacho chanzo chake ni mimi.

Nilihamishiwa kituo cha afya upande wa magharibi wa Mlima Meru, kwa Waarusha wanaolima mahindi na kufuga ng'ombe. Huko hakuna kilichofika mbali kama matangazo ya Jumapili. Chanjo ikitangazwa kanisani, Jumatatu baraza la kituo linajaa watoto. Kisima kikibomoka, kinatangazwa, na vijana wanakuja na majembe. Nami ni Mlutheri. Nililelewa nikisikiliza matangazo hayo, sikuwahi kuyaogopa.

Mratibu wa Kifua Kikuu wa Wilaya, ndiye aliyekuwa mkubwa wangu, alitarajiwa kuja kukagua rejista, nami nilikuwa na watoro watatu. Nikaandika majina yao kwenye karatasi, nikampa mwinjilisti, msaidizi wa mchungaji.

"Sista, niyasome hivihivi?"

"Soma tu. Waambie wafike kituoni."

Sikuandika ugonjwa wao. Nilidhani hiyo ndiyo siri yenyewe. Nilisahau kwamba usharika mzima ulijua mimi ni sista wa ugonjwa gani.

Jumapili majina yakasomwa kanisani, na wawili walikuja kesho yake. Wa tatu, Namnyak, hakuja. Alikuwa mjane aliyewalea wanawe kwa kuuza maziwa ya ng'ombe wawili. Makohozi yake yalikuwa yamekwisha kupimwa na kuonekana safi. Hakuweza tena kumwambukiza mtu, ila miezi minne ya dawa ilibaki. Alichelewa kwa sababu alikwenda Terrat kumhudumia binti yake aliyejifungua. Nilipofika kwake nilimkuta akiwamwagia mbwa maziwa.

"Yeyo, umeacha dawa?" Yeyo ni mama, ndivyo tunavyowaita kwa heshima.

"Sijaacha. Wateja ndio wameniacha mimi. Wewe ulinipa dawa kwa siri, ukaja kuniuza kwa kengele ya kanisa."

"Nisamehe."

"Nikusamehe, halafu maziwa atakunywa nani? Nakwenda kwa kaka yangu, porini. Huko hawanijui."

Huko alikokusudia kwenda hapakuwa na zahanati wala dawa. Nilijua ugonjwa ulioachwa katikati hurudi ukiwa mgumu zaidi. Mratibu alipokuja nilimweleza yote.

"Wawili wamerudi, Mratibu."

"Na mmoja umemfukuza wewe mwenyewe. Rejista yako sitaitazama leo. Nenda ukamrudishe."

Nilikwenda kwa Mchungaji, nikamwomba atangaze kwamba Namnyak hana maambukizi. Alitikisa kichwa. "Nikitangaza hivyo nitakuwa nimemsema mara ya pili. Umemuuliza anachotaka?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilirudi kwa Namnyak, nikamuuliza. "Jumapili nitaleta maziwa mnadani. Yakinunuliwa, nabaki. Yasiponunuliwa, Jumatatu naondoka."

Kwetu sadaka ambayo si fedha, kama mkungu wa ndizi, mayai au kuku, hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Jumapili ile mzee wa kanisa aliyenadi aliuza kila kitu kwa vicheko, hadi alipofika kwenye kibuyu cha Namnyak, kilichofukizwa moshi kama ilivyo desturi ya huko.

"Maziwa ya leo, yamechemshwa. Nani anaanza?"

Watu walitazama viatu vyao. Mzee aliuliza tena. Nikanyoosha mkono.

"Wewe hapana," Namnyak alisema, mbele ya wote. "Wewe unajua kwamba hayana kitu. Namtaka asiyejua."

Nikaushusha mkono. Kisha bibi mmoja mfupi, mashuhuri kwa kubishania bei, akapenya katikati ya watu kwa fimbo yake.

"Elfu moja."

"Bibi, kuku mwenyewe kaenda zaidi ya hapo!" mzee alilalamika.

"Kuku hajatiwa doa na maneno ya watu. Elfu mbili, na kikombe mnipe ninyi."

"Huogopi, Koko?" msichana mmoja alinong'ona, akimwita bibi kwa Kimaasai.

"Naogopa. Lakini mume wangu alipolala mwaka mzima, huyu alileta maziwa kila asubuhi, wala hakuuliza anaumwa nini."

Akamimina, akanywa, akapangusa midomo kwa upindo wa shuka. "Yana moshi mwingi," akasema. "Kibuyu chako unakikaanga?"

Namnyak akacheka hadi akakaa chini. Yaliyobaki yalinywewa na wanawake wa kwaya.

Hakuondoka. Alimeza dawa hadi kidonge cha mwisho. Kwangu, tangu siku ile, kanisa na msikiti vilibaki mahali pa kuita watu wote. Mgonjwa mmojammoja nilimfuata nyumbani kwake, kwa raba zangu. Niliwasihi walionirithi wafanye hivyohivyo.

Nilistaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu Namnyak, nikamuuliza kama bado ana kinyongo na kanisa.

"Jumapili moja lilinivua nguo, Jumapili ya pili likanifunika," alisema. "Nitalipeleka wapi? Ni letu."

"Na mimi je?"

Alinimiminia maziwa, akanisogezea kikombe.

"Wewe bado nakufikiria," alisema. "Kunywa."