Dobi Anayetaka Tusi Lisomwe kwa Sauti

Saa tatu asubuhi mvuke unapanda kutoka kwenye shati jeupe, na simu iliyo juu ya rafu inatetema. Dobi hanyanyui kichwa mpaka amalize kola.

"Kola ikipoa haikunjiki," anasema. "Matusi yatanisubiri, hayana haraka."

Mbali na kupiga pasi, ndiye msimamizi wa kundi la simu la mtaa, lenye wakazi zaidi ya mia tatu. Walimchagua wenyewe. Nguo za kila nyumba hupitia mikononi mwake, naye hajawahi kutangaza aliyoyakuta mifukoni.

Sasa kuna muswada wa sheria dhidi ya chuki mitandaoni. Ukipita ulivyo, msimamizi atashtakiwa pamoja na aliyeandika. Mkewe, anayekunja nguo pembeni, ameshachoka kumsihi.

"Mzee wangu, warudishie kundi lao. Ukifungwa, pasi hii atainyanyua nani?"

"Wewe, mama. Ulimi si unaunyanyua kutwa nzima?"

Anarushiwa soksi.

Fahari yake ni utaratibu mmoja. Anayemtukana jirani kundini huitwa kwenye meza hii ya kupigia pasi, akasoma alichoandika kwa sauti mbele ya aliyemtukana.

Maji yalipokatika mwezi uliopita, kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliandika kundini kwamba wapangaji wapya wa nyumba ya nyuma ndio wanaoyamaliza, ni kunguni, wafukizwe. Kabla dobi hajaufuta ujumbe huo, dirisha la mshonaji, mmoja wa wapangaji hao, lilipigwa jiwe. Aliyelirusha hajajulikana.

Kinyozi aliitwa. Mshonaji alisimama mbele yake, mtoto mgongoni.

"Alipofika kwenye 'kunguni', sauti ikakauka," dobi anasimulia. "Nikamwambia, endelea bwana, mbona vidole havikukauka?"

Kinyozi alisoma mpaka mwisho. Kesho yake alileta kioo kipya, akakitia mwenyewe.

Mshonaji, aliyekuja kuchukua mashuka, haoni kwamba hayo yanatosha.

"Shikamoo baba. Kioo kimerudi, usingizi haujarudi. Mwanangu bado anashtuka. Na mitaa isiyo na mtu kama wewe, wakimbilie wapi? Sheria ije."

"Marahaba mwanangu, na ije. Ila iwashike wachochezi, si anayezima moto."

"Na msimamizi anayeuona moto akajikalia?"

Dobi anaisimamisha pasi.

"Huyo naye ashikwe," anasema. "Hapo umenipata."

Kesho kamati ya bunge inapokea maoni ya wananchi kuhusu muswada huo katika ukumbi wa mji, na wote wawili wamejiandikisha kuzungumza. Dobi ataomba msimamizi anayefuta uchochezi na kumwita mwandishi wake asihesabiwe mhalifu.

Mkewe anamuuliza tena kama ataliacha kundi.

"Siliachi," anamjibu kwa upole. "Kesho aanze huyu aliyerushiwa jiwe. Mimi nitafuata. Nikirudi nitawaandikia majirani kwamba kundi bado lina mwenyewe."